Mbwa Aliyepotea na Hukumu Yake

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliulizwa suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Kijana mmoja alisema: "Sheikh, mtu akiokota fedha twajua la kufanya. Je, akimkuta mbwa aliyepotea?" Sisi hatukucheka, kwani twajua lililomfanya aulize.

Siku chache kabla ya hapo, mbwa mwenye ukanda shingoni alijilaza kivulini penye ukuta wa msikiti. Watoto wakampiga mawe hata wakamvunja mguu. Watu wazima tulikuwa tukipita. Hapana aliyewakataza, na sisi tumo. Siku ya tatu akaja mzee mmoja mchunga mbuzi akimuulizia. Huyo ndiye aliyekuwa akimlindia zizi lake.

Wengi wetu hudhani kuwa najisi ya mbwa ni rukhsa ya kumtesa. Wapi tulipoyapata haya? Katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hapana kinachonajisika. Tena Mtume (s.a.w.) ametueleza khabari ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Basi jambo la kwanza kwa aliyemkuta mbwa huyo ni maji na kivuli.

Ama kuhusu haki ya mwenyewe, wanazuoni wetu husema kuwa mbwa si mali ya kuuzwa na kununuliwa. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au shamba, mtu ameruhusiwa kumweka, na aliye naye ana haki naye kuliko mwengine. Kwa hivyo hapana ruhusa ya kumtwaa kwa hoja ya kuwa "mbwa hana thamani". Wengi katika wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema kuwa mbwa wa namna hii akiokotwa hutangazwa mwaka mzima, kama okoto lolote. Asipotokea mwenyewe, aliyemwokota aweza kumtumia kwa kazi ile ile iliyoruhusiwa.

Kutangaza kuna adabu zake. Hufanywa sokoni, njia panda na milangoni mwa misikiti, si ndani, kwani Mtume (s.a.w.) amechukia vilivyopotea kutafutwa kwa sauti ndani ya msikiti. Wala usizitaje alama zote. Sema umemwona mbwa, na rangi ya ukanda uiweke moyoni, ili anayedai aitaje yeye. Siku hizi watu hupeleka picha kwa simu. Hapana ubaya, ila iwe picha isiyoonyesha alama ile.

Huenda mtu akasema: "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, nitamweka wapi?" Mfunge uani, au kwa jirani mwenye zizi. Kwa rai yetu, kuihifadhi amana mpaka mwenyewe apatikane si kufuga kule kunakopunguza thawabu.

Lakini tahadharini. Mbwa anayetokwa na povu, anayeyumba au kuuma ovyo, msimkaribie. Mpelekeeni khabari daktari wa mifugo wa serikali. Na aliyeumwa asiende kutafuta kombe. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe sindano, kwani dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Mwenye mbwa wa zizi na amchanje.

Limebaki suala la ujira. Aliyemrejesha mbwa bila ya kuahidiwa kitu hana haki ya kudai ujira, ingawa akipewa kwa ridhaa ni halali yake. Yule mzee alitoa shilingi mia akitaka kumpa kijana aliyemwelekeza alipolala mbwa wake. Kijana hakuzipokea. Alimsaidia kumbeba mpaka kituo cha matatu, na ndiye aliyekuja darsani kutuuliza.