Huruma kwa Jambazi: Mtazamo wa Usimulizi katika Filamu ya Bonnie and Clyde

Hadhira huelekea kumhurumia mhusika aliyepewa nafasi kubwa zaidi katika usimulizi, hata awe muuaji. Hoja hii yadhihirika katika filamu ya Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn mwaka wa 1967.

Bonnie Parker na Clyde Barrow waliuawa na polisi huko Louisiana, Marekani, tarehe 23 Mei 1934. Genge lao lilihusishwa na mauaji ya watu 13, na mara nyingi liliibia maduka madogo na vituo vya petroli. Filamu, hata hivyo, inawakutanisha na mkulima aliyenyang'anywa shamba na benki. Clyde anampa bastola aufyatulie risasi ubao wa benki hiyo. Kwa tukio hilo moja, wizi unavikwa joho la utetezi wa wanyonge. Kifo cha wawili hao kinaonyeshwa kwa mwendo wa polepole, ilhali wahasiriwa wao wanapita kufumba na kufumbua.

Frank Hamer, aliyewasaka, anasawiriwa akitekwa na kudhihakiwa, jambo ambalo halikutokea. Mjane na mwanawe walishtaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka wa 1971.

Ni kweli kwamba maelfu walifurika katika mazishi ya wawili hao mwaka wa 1934, wakati wa mdororo wa uchumi. Filamu, basi, haikuizua huruma hiyo, iliirithi, ikaikuza. Mhakiki hana budi kuwatafuta walionyimwa sauti.