SOMO: GUNDI, POMBE NA AKILI INAYOSHIKA HESABU

Mmoja asome polepole, wengine wasikilize.

Mfikirieni mweka hazina wenu. Wanachama 18 wametoa shilingi 50 kila mmoja, na wawili wameleta deni la wiki jana. Kabla hajaandika, hesabu yote imo kichwani. Akili hiyo inayoshika jambo kwa muda mfupi huku ikilifanyia kazi, tuiite kumbukumbu ya kazi. Jirani yake ni breki, ile nguvu ya kujiambia "ngoja kwanza". Zote mbili zinategemea sana ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, nao haukomai mpaka mtu akaribie miaka 25.

Sasa tutazame kwetu. Mtu wa West Indies akishuka mjini Eldoret huwaona watoto wa mitaani na chupa ya gundi mdomoni. Wanavuta ili wasahau njaa na baridi. Katika gundi nyingi mna toluini, kitu kinachoyeyusha mafuta. Na mishipa ya fahamu imevikwa utando wa mafuta, kama waya wa stima ulivyovikwa mpira. Mtu akivuta miaka na miaka, utando unaharibika, ujumbe unachelewa au unapotea. Mtume alete maji, sabuni na kitambaa, anaweza kurudi na maji tu. Tunamwita mkaidi. Pengine si ukaidi.

Wala msidhani ni wa mitaani peke yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 uliwauliza wanafunzi 500 wa vyuo vya Eldoret. Karibu 70 katika kila 100 walisema wamewahi kutumia kileo fulani, na pombe iliongoza.

Je, ni kileo kinacholeta pupa, au pupa inaleta kileo? Yote mawili. Mtoto mwenye haraka tangu udogoni huwahi kujaribu. Halafu kileo kinazidi kulegeza breki. Ndiyo maana kumfokea "jizuie!" hakufiki mbali. Unamwambia akanyage breki ileile iliyolegea.

Kuna nafuu. Aachaye bhangi, kumbukumbu yake mara nyingi hurudi kwa sehemu kubwa baada ya wiki kadhaa. Mlevi aliyeacha huendelea kupata nafuu kwa miezi. Gundi ya miaka mingi ni ngumu zaidi, yaweza kuacha kovu la kudumu.

Hapa Eldoret, mpango wa AMPATH uliwajaribu watu 614 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa. Nusu yao walikutana vikundini mara sita, wiki kwa wiki, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari. Walifanya mazoezi ya kukataa glasi kabla hawajaipewa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya tu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Nani kikundini anaweza kufunzwa kuongoza mikutano kama hiyo?
2. Kijana aliyeacha gundi akija kufanya kazi ya kikundi, mtampa agizo moja moja au yote kwa pamoja? Nani atamwandikia?
3. Siku ya kugawana pesa, mwenzetu anayekunywa anapitia njia gani kurudi nyumbani, na nani atatembea naye?