SOMO LA BIOLOJIA: MOYO UPANDE WA KUUME

Tulijifunza darasani kwamba moyo uko na vyumba 4. Upande wa kuume unasukuma damu kwenda mapafuni, upande wa kushoto unaisukuma kwenda mwili mzima. Kuna pia milango midogo, ni valvu. Ikifunguka damu inapita. Ikifunga damu hairudi nyuma.

Kwa vijana, ugonjwa wa milango hii mara nyingi unaanza kooni. Mikrobi inayoitwa streptokoki inaleta maumivu ya koo. Kwa wengine, nyuma ya majuma 2 ao 3, homa inapanda, viungo vinavimba na kuuma. Viungo vinapona, lakini valvu inaweza kubaki na kovu.

Valvu ya kushoto ikiwa nyembamba, damu inajaa mapafuni kama maji ya kijito kilichozibwa. Basi upande wa kuume, wenye ukuta mwembamba, unalazimishwa kusukuma kwa nguvu. Unavumilia miaka, kisha unachoka. Ndipo mishipa ya shingo inasimama, ini linakua, miguu na tumbo vinavimba.

Hapo watu wanasema: «Wamemuloga.» Hapana, ndugu! Damu imekosa njia, na maji yake yanatoka mishipani. Kumshitaki jirani hakufungui valvu, kunapoteza wakati tu.

Na wakati ni uzima. Uchunguzi uliotangazwa 2016 ulifuata wagonjwa 3.343 wa Afrika, India na Yemeni. Kwa miaka 2, karibu 17 katika 100 walikufa. Wale ambao moyo ulikuwa umekwisha kuchoka walikuwa katika hatari zaidi. Hata operesheni ya valvu inakuwa ngumu zaidi upande wa kuume ukishindwa.

Lakini tumaini liko. Kaskazini ya Uganda, watoto wenye kovu dogo, bila dalili, walichomwa sindano ya penisilini kila majuma 4, miaka 2. Mwaka 2021 matokeo yalitangazwa: ugonjwa uliendelea kwa 3 katika 399. Kwa wasiochomwa, 33 katika 400.

Basi, koo likiuma pamoja na homa, ao viungo vikivimba, mwambie mwalimu, uende kwa munganga. Aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Tusingoje miguu ivimbe ndipo tutafute hospitali, ikiwa ya Kasongo ao ya Kabambare.

Maulizo:
1. Sababu gani valvu ya kushoto inachosha upande wa kuume?
2. Utamjibu nini anayesema miguu iliyovimba ni uchawi?