SOMO: RUZUKU YA MBOLEA NA MFUKO WA MFANYAKAZI

Mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku Kanengo anayelala Mtandire, au kibarua wa shamba kubwa Dowa, huenda akasema: "Ruzuku ni habari ya wakulima." Tutazame kama ni kweli.

1. Ruzuku ni nini?

Ni sehemu ya bei inayolipwa na serikali badala ya mnunuzi. Mkulima hapewi fedha mkononi. Yeye hulipa kidogo dukani, na hazina ya serikali humlipa mwenye zabuni kiasi kilichobaki. Fedha hizo ni pamoja na kodi inayokatwa katika mshahara wako. Basi tayari jambo hili linakuhusu.

2. Malawi ilipitia wapi?

Katika miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilifutwa, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje. Mwaka 1998 serikali ilianza kugawa bure vifurushi vya mbegu na kilo 15 za mbolea, kisha mpango ukapunguzwa. Mwaka 2002 njaa iliua watu. Mavuno ya 2005 yalikuwa mabaya, watu karibu milioni 5 wakahitaji msaada wa chakula.

Msimu wa 2005/06 serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ilianza kutoa kuponi. Kaya iliyochaguliwa ilinunua mifuko miwili ya kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa kwacha 950 kila mmoja. Mvua nayo ilikuwa njema. Mwaka 2007 Malawi iliuza mahindi Zimbabwe.

Mwaka 2020 serikali ya Rais Lazarus Chakwera iliweka kitambulisho cha taifa mahali pa kuponi. Mfuko ulikuwa kwacha 4,495. Mwaka 2022, mbolea ilipopanda bei duniani, mkulima alitakiwa kulipa 15,000.

3. Nani alinufaika, nani aliachwa?

Mwenye zabuni hulipwa kwa kila mfuko, kwa hiyo hapo ndipo wizi huvizia. Oktoba 2022 Rais Chakwera alimfukuza waziri wa kilimo na naibu wake, baada ya kwacha milioni 750 kupelekwa kwa kampuni moja ya Uingereza na mbolea isifike.

Mkulima maskini kabisa alikuwa na haki ya mfuko, lakini hakuwa na fedha ya kuulipia. Wengine waliuza kuponi zao kwa wachuuzi. Mkimbizi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, hana kitambulisho cha raia. Hata hivyo hununua mahindi kwa bei ileile ya soko.

4. Inatuhusu vipi?

Kwanza, sisi hununua ufa. Mavuno yakiwa madogo, bei hupanda na mshahara hubaki palepale.

Pili, mbolea ikikosekana kijijini, watu huacha mashamba yao kutafuta ganyu, au huja mjini kutafuta kazi. Mwajiri akiona watu wamejazana langoni, husema: "Usipotaka mshahara huu, yuko atakayeutaka."

Tatu, jihadharini. Ufa ukiwa rahisi, mwajiri hupata sababu ya kukataa nyongeza. Hapo ruzuku iliyokusudiwa mkulima humsaidia tajiri kulipa kidogo. Kwa hiyo tudai mbolea ifike kwa mkulima, na tudai mshahara wa haki. Dai moja halichukui nafasi ya lingine.

Maswali ya kujadili katika tawi lenu:

(a) Mwaka jana mfuko wa mahindi ulikula siku ngapi za mshahara wako? Na mwaka huu?
(b) Je, ndugu zako kijijini walipata mbolea kabla ya mvua, au baada?
(c) Nani kijijini huandika orodha, na je, husomwa mbele ya watu wote?

Andikeni majibu, myalete mkutanoni. Mwenye hesabu mkononi hadanganywi kwa urahisi.