Somo: Mgonjwa Asiye na Makao

Mwaka 1977 nchi yetu ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Dakta Karel Styblo. Dawa za kifua kikuu ni bure, nazo kwa kawaida humezwa miezi sita. Lakini mkata mkonge wa Muheza leo yu kambi hii, mwezi ujao kambi nyingine. Akipata nafuu huacha dawa, na ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu. Kumkemea hakufai, sisi walimu twalijua hilo. Tumwulize mapema: wahamia wapi, na nani atakuangalia ukimeza? Kabla hajafunga mizigo apite kliniki, apewe barua ya uhamisho. Nasi, akiridhia, tumwarifu mzee wa kanisa wa huko amtazamie. Asipofika, atafutwe siku hiyo hiyo.