Kioo cha gari kikigoma mara moja moja, usikimbilie mota

Nina duka dogo la spea za umeme wa magari hapa Morogoro. Shule niliishia kidato cha nne, ufundi nimeuokota kwa kukaa na mafundi. Leo naongelea pawa windo za magari ya zamani, hasa ule ugonjwa wa mara kioo kinapanda, mara kimegoma. Kikifa moja kwa moja ni rahisi kumpata mchawi. Huu wa kujificha ndio unakula hela, yako na ya mteja.

Mwaka jana alikuja mama anayetembeza vitenge minadani, ana gari dogo la Kijapani la mwaka 1998. Kioo cha abiria mbele kinapanda kikijisikia. Nikamuuzia mota ya mtumba elfu 40, fundi akafunga, kikapanda, tukafurahi. Siku ya nne karudi. Kioo kiligomea chini usiku, mvua ikapiga, vitenge vyote vya kwenye siti vikalowa. "Mwanangu, umeniuzia kitu kibovu," akasema mbele ya wateja. Mota ilikuwa nzima. Ila sikuwa na la kumjibu, maana niliuza bila kupima.

Nikamwomba akae ndani, funguo iwe ON, abonyeze swichi asiachie. Mimi nikawa naufungua mlango taratibu na kuurudisha. Ulipofika sehemu fulani kioo kikashtuka, kikapanda. Nikiusogeza tena, kinasimama. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ule mpira unaopita kati ya mlango na bodi. Plastiki ya nje nzima kabisa, shaba ya ndani imeachana. Kila ukifungua mlango waya unakunjwa, na gari lina miaka zaidi ya 20. Siku ya kufunga mota waya ulijigusanisha tu, ukatudanganya wote.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio hilo la mlango. Halafu angalia kitufe cha kufunga vioo pale kwa dereva kisije kikawa kimebonyezwa. Usicheke, imeshanikuta.

Zima injini, washa taa ya ndani, bonyeza swichi ya kioo. Taa ikififia kidogo, mota inavuta umeme ila kuna kitu kimekwama. Taa isipotikisika, huenda umeme haufiki.

Magari mengi, umeme wa kioo cha abiria unapitia swichi kuu ya dereva hata kama abiria anabonyeza yake. Yaani ugonjwa wa mlango wa kushoto unaweza kuwa mlango wa kulia. Swichi hiyo inamwagikiwa soda, inakula vumbi, kontakti zinakuwa nyeusi. Ifungue, isafishe kwa dawa ya kontakti, iache ikauke.

Sasa kipimo. Multimita peke yake inaweza kukudanganya, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12. Mimi natumia balbu ya indiketa ya wati 21, inavuta karibu ampea 2. Chomoa plagi ya mota, gusisha balbu kwenye pini mbili za plagi, bonyeza juu, bonyeza chini. Ikiwaka vizuri kote, na ukicheza na mlango haibadiliki, mshitaki mota. Ikififia au kupepesa, tafuta waya au swichi.

Mota ikipandisha mara tatu ikazima, halafu ikarudi baada ya dakika kadhaa, imechemka ikajikata yenyewe. Mara nyingi mipira ya njia ya kioo imekauka, pulizia silikoni, siyo grisi. Inayoamka ukigonga mlango, kaboni zake zimeisha. Hiyo uza mota kwa moyo mweupe.

Ukikuta waya umekatika, toa kwanza terminali ya betri. Usiunge ndani ya ule mpira, utakatika tena palepale. Pitisha kipande kipya cha waya laini wenye unene uleule, kiungo kimoja kiwe ndani ya mlango, kingine ndani ya bodi.

Yule mama nilimrudishia elfu 40 yake, waya nikamuungia bure. Hela aliyomlipa fundi na vile vitenge, hatukuviongelea. Siku hizi balbu yangu yenye nyaya mbili inaning'inia kaunta, na mtu akija kuulizia mota namuuliza kwanza, gari umelipaki wapi?