SOMO: Mafaili ya Chama Yanapoharibika Ndani ya Kompyuta

Daftari likiliwa na mchwa, katibu huliona tundu. Faili la kompyuta huweza kuharibika pasipo dalili yoyote hadi siku ya malipo. Chukuliwe mfano wa chama cha msingi cha Getanuwas, wilayani Hanang, kinachotunza orodha ya uzito wa mbaazi za wanachama katika kompyuta ya Linux inayohudumia meza mbili. Asubuhi moja orodha inakataa kufunguka. Nyingine inafunguka, ila tarakimu zimegeuka alama zisizosomeka. Mwanachama aliyeleta magunia yake anasubiri dirishani.

Jambo la kwanza ni kuacha kuandika. Katibu asimamishe pia unakili wa kila usiku, kwa sababu programu ya kunakili haitambui faili zima na faili bovu, hivyo huweza kuifuta nakala njema kwa kuweka mbovu mahali pake. Hasara isiyorekebishika mara nyingi huanzia hapa, wala si kwenye diski.

Kisha chanzo kitafutwe. Faili kubwa ambalo halijaguswa lipimwe kwa amri ya sha256sum. Kompyuta izimwe, iwashwe, nalo lipimwe tena. Amri hiyo hutoa alama ndefu inayobadilika hata kama ni herufi moja tu iliyogeuka. Alama mbili zikitofautiana, ashukiwe mbebaji wa habari: kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au waya wa diski. Kumbukumbu hupimwa kwa programu ya memtest86+ usiku kucha, na kosa moja latosha kuitilia shaka. Waya hujulikana kwa amri ya smartctl: hesabu ya makosa ya CRC ikizidi kupanda, waya ubadilishwe. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo linalotazamwa ni kupanda kwake. Zikiongezeka sehemu mbovu za diski yenyewe, diski hiyo isiaminiwe tena.

Amri ya fsck hupendwa mno na wenye haraka. Isiendeshwe kamwe juu ya diski inayotumika, na kwanza diski yote inakiliwe kwenye nyingine. Tena, fsck hutengeneza mpangilio wa mafaili. Haiwezi kurudisha kilo zilizopotea ndani yake. Mfumo wa ext4 haupimi yaliyomo katika faili. Btrfs na ZFS huyapima, lakini huweza kuyaponya tu pale ipokuwapo nakala ya pili iliyo njema.

Orodha iliyorejeshwa kutoka nakala ya zamani ilinganishwe na stakabadhi za karatasi, mstari kwa mstari, mbele ya mjumbe wa bodi, ndipo malipo yaendelee.

Kompyuta iwekewe betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu. Nakala moja ikae mbali na ofisi: tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilifukia nyumba na maduka ya Katesh pamoja na vyote vilivyokuwamo.